Maswali na majibu: Historia kwa watoto wa shule ya msingi

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu na wazazi wa Lindi na Mtwara, na zote zinahusu namna ya kuwafundisha watoto wadogo historia.

Ninafundisha darasa la tatu, Nachingwea. Watoto wanakariri miaka vizuri, lakini ukiwauliza kati ya Uhuru na Vita vya Majimaji kipi kilitangulia, wanabahatisha. Nifanyeje?

Mtoto wa miaka 9 hawezi kuuelewa mwaka kwa kuusoma ubaoni tu, kwa hiyo mtoe uwanjani autembee. Chora mstari mrefu kuanzia mlango wa darasa, ambao ndio mwaka huu, na mkubaliane kwamba kila hatua ni miaka 10. Hatua 6 na nusu hivi zitamfikisha mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na hatua 12 zitamfikisha 1905, Majimaji ilipoanza. Mpaka amfikie Mreno aliyeivamia Kilwa mwaka 1505 atakuwa amepiga hatua 52, na kwa Ibn Battuta, msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wa mji wake, atahitaji karibu 70. Weka jiwe kila kituo na umsimamishe mtoto mmoja hapo. Darasa zima litaona kwa macho kwamba Majimaji iko karibu nasi kuliko walivyodhani, na kwamba Kilwa ilikuwa ikifanya biashara ya dhahabu karne nyingi kabla Mjerumani hajaonekana.

Bila shaka atatokea wa kuuliza mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria yule wa Lindi, asimame wapi. Mjibu kwa hesabu hiyo hiyo. Mnyama yule aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, yaani hatua milioni 15, na kwa hatua ya nusu mita hizo ni kilomita 7,500, karibu sawa na umbali wa kutoka Lindi hadi Berlin, ambako mifupa yake ilipelekwa baada ya kuchimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Wakishaelewa hivyo, hakuna atakayedhani tena kwamba mababu zetu walimwona akitembea.

Niko Kilwa Kivinje. Naogopa mada ya biashara ya utumwa, kwa sababu darasani wamo watoto ambao koo zao husemwa mitaani kuwa ni za watumwa, na wengine za waliowauza. Niiruke?

Nakusihi usiiruke. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watu waliotekwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na mtoto anayepita kila siku kwenye magofu ya mji huo atataka kujua. Ukinyamaza shuleni, atafundishwa mtaani, na mtaani somo hili hufundishwa kwa matusi. Yapo hata hivyo mambo mawili ya kuyakataa kabisa. La kwanza ni kuwauliza watoto asili ya koo zao mbele ya wenzao, hata kwa nia njema. La pili ni maigizo ya minyororo, ambayo huhamia uwanjani wakati wa mapumziko yakawa mchezo, na anayefungwa kila siku ni yule yule mnyonge.

Eleza badala yake biashara yenyewe ilivyokwenda: nani aliteka, nani alitoa mtaji, nani alinunua, na watu walipelekwa kufanya kazi gani. Watoto wakifahamu kuwa walihusika watekaji wa bara, wafanyabiashara wa pwani, wenye mitaji na wenye mashamba ya karafuu wa Zanzibar, pamoja na wanunuzi wa Kifaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi, hawatapata kabila moja wala dini moja ya kuitupia mzigo wote. Waeleze pia kuhusu Masasi, ambako mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza walifika na watu waliokombolewa, wakaanzisha makazi. Sultani Barghash wa Zanzibar alifunga masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini hapa Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria hadi 1922. Mwisho watamkie waziwazi kwamba hakuna aliyemo darasani anayedaiwa chochote kwa yaliyotendwa wakati huo.

Mwanangu wa darasa la tano, hapa Lindi mjini, amerudi akisema wazee wetu wa Vita vya Majimaji walikuwa wajinga kuamini kwamba maji yatazuia risasi. Nimwambie nini?

Mzazi, anza na pamba kabla ya maji. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa mipamba ya shamba walilolazimishwa kulima, wakiwa wamechoshwa pia na kodi na viboko vya maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji hayo, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, lakini vilienea hadi Ungoni na kuendelea mpaka 1907. Muulize mwanao: watu wasio na mtawala mmoja waliwezaje kuinuka pamoja? Akilifikiria swali hilo kwa dhati, ataona kazi ambayo maji yale yaliifanya. Ni umri wake pia wa kuambiwa kuhusu njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000, na wapo wanahistoria wanaofikia 300,000.

Shule yetu iko Mtwara vijijini na hatuna nauli ya kwenda Kilwa Kisiwani. Tuwapeleke watoto wapi?

Nendeni Mikindani. Lipo Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Vilevile waulizeni wazee reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilipita wapi, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ikang'olewa miaka ya 1960.

Niliwatuma wanafunzi wa darasa la sita, Newala, wawahoji mababu na mabibi kuhusu wakimbizi waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji. Majibu yanapingana. Nimwamini nani?

Usichague mapema. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee wa Majimaji, na masimulizi waliyoyaandika yanatumiwa na wanahistoria hadi leo. Wanao nao wafanye kazi kwa utaratibu. Kila simulizi iandikwe pamoja na umri wa msimulizi wakati ule, mahali alipokuwa, na kama aliona mwenyewe au alisikia kwa wengine. Aliyekuwa mtoto akiteka maji mtoni na aliyekuwa mtu mzima akiwapokea wageni nyumbani kwake hawakuona jambo moja, na huenda wote wawili wanasema kweli. Kabla hamjalifunga daftari, rudini kwa kila mzee mkamsomee alichosema, arekebishe anapoona pamekosewa.