Video ya wimbo ya darasani: anzeni na wimbo, mawe ya Mwanza yatawasubiri

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Mko watano, mna simu mbili na stendi moja, wimbo ni wa mwenzenu, na mwalimu hataki kusikia habari ya kushuti kabla hamjawasilisha mpango wa maandishi unaoonyesha kwamba mmesoma mbinu na kanuni za video za muziki. Nusu ya kikundi wanasema hayo ni makaratasi tu: Jumamosi twendeni Kamanga tukashuti mbele ya Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani hapa Mwanza, mengine yatajulikana huko huko.

Mimi nashuti harusi na video za wasanii chipukizi hapa Mwanza, na nilisomea mambo haya haya. Mwalimu wenu yuko sahihi, na hao wa Jumamosi wana haraka ya bure. Bismarck ni nzuri, hakuna anayebisha. Ila imeshapigwa picha mno, na jiwe halijui wimbo wenu unasema nini.

Tuanze na hilo la kusoma video, maana ndilo watu wanalipuuza. Kuiangalia video mara nyingi siyo kuisoma. Ukiiangalia ikiwa na sauti, wimbo unakubeba, unaishia kutikisa kichwa. Zima sauti. Chagueni video tatu: moja ya aina ya wimbo wenu, moja ya aina nyingine kabisa, na moja ya zamani, ya miaka ile baada ya MTV kuanza kurusha matangazo Agosti 1981. Chora jedwali kwenye daftari: sekunde, ukubwa wa shoti, kamera imesimama au inatembea, nani yupo kwenye fremu, mstari gani unaimbwa. Kila picha ikikatwa kwenda nyingine, unashuka mstari mpya. Dakika moja ya video inaweza kukumalizia saa nzima, na kama kazi imewachosha, fanyeni hiyo dakika moja tu lakini muifanye kweli.

Hapo ndipo mtaona vitu ambavyo macho yalikuwa yanaviruka. Shoti pana mara nyingi zimewekwa mwanzoni na kwenye vipande visivyo na maneno. Kiitikio kinarudi na mahali pale pale na nguo zile zile, mpaka mara ya mwisho ambapo mwongozaji anachanganya kila kitu. Anayehariri hakati kila mdundo: anaacha mitatu ipite, anakata wa nne, halafu kwenye kiitikio anaongeza kasi. Na mtaona uso wa msanii unavyorudi rudi. Hayo mliyoyahesabu kwa mikono yenu ndiyo mwalimu anayoyataka, na yana uzito kuliko aya nzima ya maneno makubwa mliyoyanakili mtandaoni.

Kuhusu nadharia, mtu ambaye mtamkuta karibu kila somo la video za muziki ni msomi Andrew Goodwin, aliyeandika kitabu chake mwaka 1992. Kwake picha na maneno vina uhusiano wa aina tatu. Picha inaweza kuonyesha kile kile kinachoimbwa, inaweza kukikuza kwa kuongeza jambo ambalo maneno hayakulitaja, au inaweza kukipinga. Chukulia mstari "nimeshakusahau". Ukimwonyesha dada anafuta picha kwenye simu, umeonyesha tu. Ukimwonyesha anasonga ugali wa watu wawili na amekaa peke yake, umepinga, na mtazamaji anajua kuliko mwimbaji. Video nyingi za wanafunzi zinaishia kwenye aina ya kwanza: akiimba mvua, mvua, akiimba pesa, noti zinahesabiwa. Goodwin alieleza pia kwa nini klozapu (shoti za karibu zinazojaza uso) za msanii ni nyingi: kampuni ya muziki inataka sura yake ijulikane, maana video kwao ni tangazo. Nyie hamna kampuni, kwa hiyo mna uhuru wa kujiuliza kama kanuni hiyo inawafaa. Mkiivunja, andikeni sababu. (Na lile gari la kuazima ambalo kila video ya mtaani lazima liegemewe, nalo ni kanuni. Mkiliweka, mjue mnaliweka la nini.)

Sasa wimbo wenyewe. Muulizeni aliyetengeneza biti kasi yake ni ngapi. Anaijua, aliiweka mwenyewe kwenye programu. Tuseme ni midundo 100 kwa dakika. Mdundo mmoja ni sekunde 0.6, na baa ya midundo 4 ni sekunde 2.4. Ubeti wa baa 16 ni sekunde 38.4. Mkishuti kwa fremu 25 kwa sekunde, mdundo mmoja unakuwa fremu 15 kamili, raha tupu kwa anayehariri. Mkiamua kwenye ubeti kila shoti ikae baa mbili, mnahitaji shoti 8. Kiitikio cha baa 8, shoti moja kwa kila baa, ni 8 nyingine. Gawanyeni wimbo wote hivyo kwenye karatasi ya manila, baa kwa baa, na mtajua siku hiyo mnatafuta shoti ngapi na kama Jumamosi moja inatosha. Mara nyingi haitoshi.

Niwape mfano. Kuna wimbo tuliufanyia kazi kwenye mwalo mmoja (mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga) upande wa Kayenze, wa kijana anayemwambia mchumba wake kwamba anakwenda visiwani kuvua na atarudi na mahari. Msanii alitaka aonekane kwenye mtumbwi, kifua wazi, akiimba "nitarudi". Tukaamua sauti iwe yake, ila picha za ubeti wa kwanza ziwe za huyo mchumba na kazi ya pale ufukweni: mikono ikianika dagaa, vidole vikitoa jani lililonasa, fagio likiwageuza. Dagaa wakiwa wabichi wanang'aa rangi ya fedha chini ya jua la asubuhi, na simu ikiona weupe ule inapunguza mwanga yenyewe, uso wa aliyeinama juu yao unageuka mweusi. Dawa yake ni kubonyeza kwenye shavu la mtu pale kwenye kioo cha simu na kushikilia mpaka mwanga ujifunge, hata kama dagaa watakuwa weupe kupita kiasi kwenye picha. Shoti iliyopendwa kuliko zote ilipatikana hivyo: kiganja kimejaa magamba madogo, mama anakifuta kwenye khanga, anaangalia ziwani sekunde moja, anarudi kazini. Hakuna mtu aliyemwambia aangalie ziwani. Alikuwa anangoja mtumbwi wake.

Yule dada aliyecheza kama mchumba hakuwa mwigizaji, na wenu pia hatakuwa. Mtengeneza filamu mmoja Mrusi, Lev Kuleshov, alishalitatua hilo yapata miaka 100 iliyopita. Alichukua uso ule ule wa mwigizaji, usio na hisia yoyote ya wazi, akaupanga mara na bakuli la supu, mara na jeneza, na watazamaji wakaona njaa, kisha huzuni. Kwa hiyo msimwambie mwenzenu "lia". Mwambieni atulie, aangalie sehemu moja, ahesabu moja mpaka nane kimoyomoyo. Huzuni mtaitengeneza kwa kitakachofuata: mtumbwi mtupu, simu isiyoita, sahani iliyofunikwa.

Kuna jambo moja linawaangusha watu wengi wanaoshuti ziwani, nalo ni upande. Kijana akiondoka na mtumbwi unakwenda kulia mwa fremu, kila shoti ya safari hiyo lazima iende kulia. Ukihamia upande wa pili wa mtumbwi kwa sababu kule kuna mandhari nzuri, kwenye skrini atakuwa anakwenda kushoto, na mtazamaji atadhani amesharudi. Chora mstari wa kufikirika kwenye njia ya mtumbwi, kamera zote mbili zibaki upande mmoja wa mstari. Siku ya kurudi ndiyo mnageuza, na hapo mtazamaji ataelewa bila neno lolote kuimbwa.

Turudi Bismarck, maana najua hamtaiacha. Ghuba ya Mwanza iko magharibi ya mji. Jioni jua linakuwa nyuma ya jiwe, yaani msanii akisimama na jiwe mgongoni atakuwa kivuli cheusi. Kama mnataka kivuli, sawa, ni mbinu nzuri, ila msitegemee mdomo wake uonekane akiimba. Mkitaka sura, nendeni asubuhi, jua likitoka upande wa mjini linampiga usoni. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri jua letu linasimama juu ya utosi na macho yanakuwa mashimo. Tumieni muda huo kula au kushuti kwenye baraza, karatasi nyeupe ya manila ikirudisha mwanga chini ya kidevu. Mwanza jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo mwaka mzima, na huku karibu na ikweta giza linaingia haraka. Ule mwanga wa dhahabu msiupangie shoti kumi. Upangieni mbili, mzifanyie mazoezi mapema.

Usiku mkitaka zile taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa ziwani, angalieni mwezi kabla ya kukodi usafiri. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki vizuri. Nendeni siku za giza. Na mkiwasha taa yenu ufukweni, wadudu wa ziwani watakuja kwa wingi mpaka mdomoni mwa msanii.

Mambo ya simu kwa haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ndani ya chumba chenye taa za umeme wekeni fremu 25 na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inaweza kupepesa. Sauti ya simu haitatumika, lakini wimbo upigwe kwa spika kila shoti, na mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni ili kulinganisha picha na wimbo iwe rahisi. Mkitaka mwendo wa polepole huku mdomo ukifuata wimbo, shuti kwa fremu 50, pigeni wimbo kwa kasi mara mbili, msanii aimbe nao. Mkishusha picha mpaka 25, mdomo unarudi mahali pake wakati khanga na maji vinakwenda taratibu. Afanye mazoezi nyumbani, mwanzoni atacheka tu.

Vibali: ombeni barua ya utambulisho chuoni. Mwaloni muoneni mwenyekiti wa mwalo kwanza, kisha wenye kazi zao. Ukianza na "mwangaluka mayu", salamu ya Kisukuma kwa mama, na ukaeleza unachotaka, wengi watakuruhusu, na asiyetaka kupigwa picha aachwe. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iko chini ya TANAPA na ina taratibu na ada zake. Droni ni mambo ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kazi ya darasani sahauni.

Kwenye mpango wenu, kila mstari wa orodha ya shoti uwe na safu moja ya ziada: "kwa nini". Mfano: ubeti wa 1, baa ya 5 na 6, klozapu ya mikono, kamera imesimama, asubuhi, kwa nini: maneno yanaahidi safari, picha inamwonyesha anayebaki. Safu hiyo ndiyo inayounganisha jedwali mlilochora kwenye video za watu na video yenu, na mwalimu akiuliza mmejifunza nini mnamwonyesha hapo.

Hukusema wimbo unahusu nini, kasi yake ni ngapi, wala mnashuti mwezi gani. Kama ni Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, ongezeni siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua. Weka mashairi hapa, hata ubeti mmoja na kiitikio, tuzigawe baa pamoja.