Atrazini ikipotea kwenye chupa usikimbilie kuandika ripoti

Nyie mnaoanza maabara na mmepewa bakteria wa udongo wanaokula dawa za magugu, nisikilizeni kidogo, hili lilinimalizia karibu miezi miwili.

Mimi nilianza na bakteria anaitwa Pseudomonas ADP, yule aliyetolewa kwenye udongo uliomwagikiwa atrazini, dawa ya magugu, kule Minnesota, Marekani, akaripotiwa 1995. Nikamlea kwenye midia (chakula cha kulea bakteria) ya kawaida yenye kloridi ya amonia, nikatia atrazini, baadae napima, haipo! Nikakimbia kwa msimamizi kumwambia kazi imeisha, akaniuliza kitu kimoja tu, asidi ya sayanuriki umepima? Sikuwa nimepima, na nilipopima nikaikuta imejaa mle ndani.

Iko hivi. Jeni atzA, atzB na atzC hazisubiri kuitwa, ziko kazini muda wote: A inang'oa klorini, B na C zinakata mikia miwili ya pembeni, inabaki pete yenye naitrojeni tatu, ndo hiyo asidi ya sayanuriki. Kuvunja pete ni kazi ya atzD, E na F, na hizi zinawashwa na protini inaitwa AtzR ambayo inataka pete iwepo alafu bakteria awe na njaa ya naitrojeni. Akishashiba amonia hata AtzR yenyewe inatengenezwa kidogo sana, sasa nani ataziwasha? Huyu mdudu hali atrazini apate nguvu, nguvu anapata kwenye sitreti unayomwekea, kwenye atrazini anafuata naitrojeni tu.

Kwaiyo soma lebo ya kila chumvi kabla hujatia, toa amonia, toa naitreti, na dondoo ya hamira pia iache maana ina naitrojeni kibao.

Kwenye sahani tia atrazini mpaka agari (ile jeli wanayooteshewa bakteria) iwe nyeupe kama maji ya mchele, koloni inayofanya kazi utaiona imezungukwa na duara safi, chagua hizo tu. Hizi jeni ziko kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ya kama kilobesi 108 (herufi za DNA 108,000 hivi), ukimlea vizazi vingi kwenye midia tamu isiyo na atrazini anaweza kuzipoteza, unakuja kushtuka koloni zimenona vizuri ila duara hamna.

Na ukienda kuchota udongo kwenye shamba la mahindi, muulize mkulima mbolea ya yurea aliweka lini mara ya mwisho, maana nayo ni naitrojeni, andika hapohapo kwenye mfuko wa sampuli.