Zollverein hushuki chini ya ardhi

Umesema mgeni wa Zollverein, ule mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, hushushwa chini ya ardhi. Laa, sheikh wangu, pale Zollverein, mji wa Essen, Ujerumani, mgeni hashuki mgodini. Anapanda. Mgodi ulifungwa 1986, na makumbusho yamo ndani ya jengo la kuoshea makaa ya mawe. Unachukuliwa na ngazi ya umeme mpaka mita 24 juu, halafu unateremka ghorofa kwa ghorofa: mita 17 mambo ya leo, mita 12 kumbukumbu, mita 6 historia. Hawakujipangia ovyo. Makaa yenyewe yalipandishwa juu kwa mikanda kisha yakashuka kwa uzito wake, kwa hiyo mgeni anafuata njia ya makaa.

Nadhani unachanganya na Big Pit, makumbusho ya mgodi wa makaa huko Wales. Huko ndiko unakoshuka kwa lifti ya wachimbaji, kama mita 90, kofia na taa kichwani. Simu na saa za betri unaziacha juu kwa kuogopa cheche na gesi.

Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe na hili la mgeni apitishwe njia gani tumelijadili sana wenyewe kwa wenyewe. Kwa mashine kongwe za kutolea mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huko Pemba ningefuata mtindo wa Essen: anza kwenye pipa la mvuke, pita kwenye bomba la kupozea, malizia pale mafuta yanapojitenga na maji. Ila usizipake rangi mpya. Na ile harufu, usiitoe kwa feni.