Al-Qaeda: ilianza mwaka 1988 au 1998?

Salamu, ndugu. Umeuliza kwa nini maandishi mengine yanasema al-Qaeda ilianza mwaka 1988 na mengine 1998, na kazi yako imekwama hapo. Nami nilikwama hapohapo nilipokuwa nikiandaa kipindi cha historia, hadi nilipozoea kuangalia kwanza mwandishi anazungumzia nini: kuundwa kwa kundi, au kujitangaza kwake mbele ya ulimwengu.

Liliundwa Agosti 1988 mjini Peshawar, Pakistan, vita dhidi ya Wasovieti nchini Afghanistan vilipokuwa vikielekea ukingoni. Chimbuko lake ni ofisi ya kuwahudumia wapiganaji wa kujitolea kutoka nje, ambayo Abdullah Azzam, mwanazuoni wa Kipalestina, na Osama bin Laden, aliyekuja kuwa kiongozi wa al-Qaeda, waliianzisha mwaka 1984. Mwaka 1998 ni wa tamko la bin Laden na wenzake la Februari lililohalalisha kuwaua Wamarekani, raia kwa wanajeshi, kisha mabomu ya Agosti 7 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao za kawaida.

Usiiruke Sudan (wanafunzi wangu huisahau kila mara), alikoishi bin Laden hadi alipoondoshwa mwaka 1996 na kurudi Afghanistan. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, ufuatilie mtandao huu kupitia matawi yake: al-Shabaab ya Somalia ilitangazwa kujiunga mwaka 2012, ilhali kundi lililotokana na tawi la Iraq, lililokuja kujiita Dola la Kiislamu, lilikanwa rasmi na uongozi wa al-Qaeda Februari 2014.