Fundi, nianzie wapi? Majibu kwa wanaofungua injini kuukuu kwa mara ya kwanza

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa watu ambao hawajawahi kufungua injini maishani mwao, na sasa wana pikipiki ya baba au ya ami iliyolala banda la nyuma miaka na miaka. Nimefurahi mno. Pikipiki hizi zilibeba samaki, madafu na wagonjwa kabla bodaboda hazijajaa Malindi. Zinastahili kuamshwa.

Shikamoo fundi. Marehemu babu aliacha Honda CG125 ya zamani. Kiki haishuki hata kidogo. Je, injini imekufa? (Kijana wa Maweni)

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Kukwama si kufa. Mara nyingi ni ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zilizoshikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Upepo wetu wa bahari haukosi njia: huingia kwenye ekzosi, ukapita kwenye valvu iliyobaki wazi, ukafika ndani.

Usiipande kiki kwa uzito wako wote, utavunja meno ya gia yake. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia za otomatiki, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, uiache siku tatu nne. Kisha tia gia kubwa kabisa na usukume gurudumu la nyuma, mbele na nyuma, taratibu. Kwa gia kubwa nguvu ya mkono wako hufika kwenye injini ikiwa nyingi zaidi. Ikisogea hata upana wa ukucha, imekubali. Usiendelee kuizungusha kwa furaha, kwa sababu kutu ile sasa ni msasa. Fungua kichwa cha injini, kile kifuniko cha juu ya silinda.

Umerithi injini njema ya kujifunzia. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiwafikiria watu ambao kwao oili hubadilishwa ikikumbukwa tu. Hawakuweka cheni ya kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Kamshafti iko chini, na valvu husukumwa kwa fimbo mbili. Kichwa chake hutoka bila wewe kugusa taimingi, yaani mpangilio wa lini valvu zifunguke.

Skurubu za kava ya klachi zimeanza kulika vichwa. Nimebakiza tatu. Nifanyeje? (Mwalimu, Mambrui)

Mwalimu, weka bisibisi chini leo hii. Pikipiki za Kijapani za zamani zina skurubu za msalaba wa kipimo cha Kijapani, JIS, ambao umbo lake linatofautiana kidogo na la bisibisi tunazouziwa madukani. Ya dukani haikai mpaka chini. Ukikaza mkono, inapanda na kuula msalaba. Tafuta bisibisi ya kupigwa nyundo, ile inayojizungusha kila pigo. Zilizokwisha kulika, zitie oili ya kulegeza usiku kucha, kisha zipige kwa patasi ndogo kwenye ukingo wa kichwa, kuelekea upande wa kufungulia.

Jambo moja zaidi. Chora umbo la kava kwenye kadibodi, utoboe mahali pa kila skurubu na uichomeke papo hapo. Urefu wake haulingani. Ndefu ikitiwa kwenye tundu fupi hugota chini kabla ya kukaza, na ukilazimisha unapasua alumini.

Mwanangu anaosha vyuma vya injini kwa petroli uani, hatua tatu kutoka jiko la mkaa. Nikimkataza anasema mafundi wote hufanya hivyo. (Mama, Barani)

Mama, shikilia neno lako. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini usiuone mpaka ukafika kwenye makaa. Aoshe kwa mafuta ya taa au dizeli, mbali na moto, kisha sabuni na maji ya vuguvugu.

Akimaliza, akaushe na kupaka oili saa ile ile. Silinda ina ukuta wa chuma cha kusubu. Ukiiosha vizuri jioni, msimu wa Kusi, ukaianika juu ya paa, asubuhi utaikuta ina rangi ya hina.

Na kabla ya kuosha, atazame kwanza. Kijana akipata injini kuukuu hukimbilia kuing'arisha, na hapo anafuta ushahidi wote. Oili ya zamani aichuje kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la rangi ya fedha lisiloshikwa na sumaku huwa limetoka kwenye pistoni au alumini nyingine. Vipande vinavyorukia sumaku ni vya gia au beringi, na hapo lazima tumbo la injini, sehemu ya chini yenye gia, lifunguliwe pia. Kwenye CG, upande wa kulia, mwisho wa krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kuna kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu wa oili pembeni. Niliwahi kukifungua kimoja nikakuta tope gumu, jeusi, nikalichonga kwa kijiti cha mwanzi. Kikishajaa, uchafu wote unarudi kwenye beringi.

Wameniambia ninunue ringi mpya tu, moshi utakwisha. Ni kweli? (Gede)

Huenda. Lakini asiyepima hajui, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Pikipiki yangu ya kwanza niliitia ringi mpya bila kupima. Moshi ulipotea wiki mbili, ukarudi wa buluu kama awali, nami nikamlaumu aliyeniuzia. Ringi hazikuwa na kosa. Silinda ilikuwa imetanuka juu, na ringi ya duara haiwezi kuziba tundu lililoacha kuwa duara.

Huhitaji vyombo vya thamani. Nunua fila, lile fungu la majani membamba ya chuma. Chukua ringi mpya, iingize peke yake ndani ya silinda na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Ishushe mpaka karibu na mwisho wa chini, mahali ambapo ringi hazifiki na ukuta haujalika. Pima pengo la ncha zake. Kwa injini kama CG125, ambayo tundu la silinda lina upana wa 56.5 mm, pengo la ringi mpya huwa kati ya 0.15 na 0.35 mm. Sasa ipandishe hadi sentimita moja kutoka juu, upime tena.

Tuseme chini umepata 0.25 na juu 0.60. Tofauti ni 0.35. Gawanya kwa 3.14, unapata kama 0.11 mm, ndiyo silinda ilivyotanuka. Ikipita 0.1 mm, ringi mpya ni kutupa pesa: silinda itanuliwe kwa mashine na itiwe pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo hupanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Tazama juu ya pistoni yako. Ukiona namba kama hizo, silinda imeshatanuliwa huko nyuma, na ujue umebakiza hatua ngapi.

Pitisha pia ukucha kutoka chini kwenda juu. Ukigota kwenye kidaraja karibu na ukingo, hesabu yako itakuwa imekwambia hivyo hivyo.

Huku Lamu nataka kutuma silinda Mombasa ikakerezwe. Niifunge vipi? (Langoni)

Ipake oili, izungushie plastiki, kisha gunia. La muhimu zaidi: nunua pistoni kwanza uitume pamoja na silinda. Fundi wa mashine hutanua kwa kufuata pistoni aliyoishika mkononi, akiacha nafasi ya sehemu ndogo sana za milimita. Akifuata namba ya kwenye boksi peke yake, huenda ukaletewa silinda inayoishika pistoni ikipata moto.

Yangu ni Suzuki A100, ile inayounguza oili pamoja na petroli. Haya yanaihusu? (Watamu)

Kupima ndiyo. Ila ringi zake usizizungushe: kila mfereji una kijipini, na ncha za ringi lazima zikikumbatie, la sivyo zitanasa kwenye matundu ya silinda na kukatika. Badilisha pia sili mbili za krankishafti hata kama zinaonekana nzima. Mpira uliolala miaka hukauka, injini ikavuta hewa ya ziada, ikachemka na kutoboa pistoni.

Nimeshapata vifaa vyote vya CG125 yangu na leo nafunga. Niangalie nini? (Dada, Muyeye)

Hongera dada. Kabla ya yote, ziba mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa safi. Klipu ya pini ya pistoni ni kijiwaya kinachoruka kama panzi. Yangu iliwahi kuruka ndani, nikafungua injini nzima kuitafuta. Tia klipu mpya, za zamani tupa.

Alama ya IN kwenye pistoni ielekee upande wa kabureta. Maandishi ya ringi yatazame juu, na mapengo yake uyatawanye theluthi ya duara kila moja. Nati za kichwa kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, mizunguko mitatu minne. Oili ni kama lita moja, na kopo liwe na maandishi JASO MA, alama ya oili ya pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze.

Plagi ikiwa nje, piga kiki mara thelathini ili oili ipande. Kisha iwashe. Moshi wa dakika za mwanzo ni oili uliyopaka wakati wa kufunga. Siku ya kwanza nenda hadi Gede na kurudi, ukibadilisha mwendo kila mara, bila kubeba mtu. Ukifika nyumbani iache mpaka asubuhi, kaza tena nati za kichwa na upime nafasi ya valvu kwa fila, 0.08 mm zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa.