Kabla Hujashusha Giaboksi

Mwaka wangu wa kwanza gereji nilishusha giaboksi ya Hiace ya daladala kwa sababu tu dereva alisema "gia zinakataa". Kutwa nzima mgongoni kwenye vumbi. Nikaifungua, ndani kizima kila kitu. Tukairudisha, gia zikakataa vilevile. Fundi mkuu akaja na bisibisi, akainua mpira wa vumbi wa silinda ya chini ya klachi, ile inayosukumwa na mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, mafuta hayo yakamchuruzikia kiganjani: ilikuwa inavuja. Hakusema neno. Alinitazama, akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo wewe uliyeanza juzi, usikimbilie spana. Kaa kwenye kiti cha dereva. Gari likiwa limezimwa, ingiza gia zote, moja moja. Kisha washa, kanyaga klachi mpaka chini, uzijaribu tena. Zikiingia laini gari likiwa limezimwa na kugoma likiwa linaunguruma, klachi haiachii. Giaboksi yenyewe huenda haina kosa lolote. Hakikisha kwa rivasi: kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, ingiza. Giaboksi nyingi hazina sinkronaiza, ile ringi inayosawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia, kwenye rivasi, kwa hiyo kama injini bado inaizungusha shafti ya giaboksi, utasikia inakwaruza.

Hapo pampu pedeli mara tatu nne. Gia zikiingia, kuna upepo kwenye mfumo au raba za silinda ya juu, ile ya kwenye pedeli, zimechoka. Funua kapeti chini ya pedeli, upapase kama kuna unyevu. Mwambie mwenzako akanyage, wewe uko chini unaangalia kile kifimbo cha silinda ya chini kinachosukuma uma wa klachi. Kikisogea kidogo tu, usiguse giaboksi. Kikisogea vizuri na gia bado zinagoma, basi kuna jambo ndani: kwenye pleti ya klachi, presha pleti inayoibana, au beringi ya pailoti inayoshika ncha ya shafti, na hapo kushusha ni halali.

Zikigoma hata gari likiwa limezimwa, anza na kebo ya gia na bushi zake. Chomoa kebo upande wa giaboksi, usukume wenzo wake kwa mkono. Ukiingia bila ubishi, mgonjwa yuko nje.

Gia moja tu ikikwaruza, mara nyingi ya pili, hiyo ni sinkronaiza. Inayochomoka ukiachia pedeli ya mafuta, tazama kwanza mauntingi za injini.

Usisahau oili ya giaboksi. Wenye magari hupenda kuweka nzito "ipunguze kelele", halafu asubuhi gia haziingii. Na kama kitabu cha gari kinataka oili ya daraja la GL-4, usimimine GL-5 kwa kuwa namba ni kubwa. Kuna GL-5 zenye dawa zinazokula shaba ya sinkronaiza.

Ukimaliza kutoa upepo, mwagia maji popote mafuta ya breki yalipodondoka kwenye bodi. Yanabambua rangi, na mwenye gari akiiona hatakumbuka kwamba gia sasa zinaingia.