Programu ya mizani kuganda malipo yakikwama: foleni inasaidia, ila angalia kulipa mara mbili

Mkuu, nimekuelewa. Mizani yako pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba inaita programu ya malipo moja kwa moja, malipo yakichelewa kujibu karani anabaki anakodolea skrini huku wenye dagaa wamejaa na magunia yao. Unauliza kama foleni ya ujumbe, yaani programu ya katikati inayopokea ujumbe na kuutunza mpaka mpokeaji auchukue, itaondoa hilo. Itaondoa, ila itakuletea jingine.

Mimi nahudumia mfumo wa mnunuzi mmoja wa samaki hapa Mwanza, ana vituo mpaka Ukerewe. Katikati tuna RabbitMQ, programu ya foleni ya ujumbe. Mizani inatupia ujumbe kwenye foleni, namba ya mzigo, kilo, bei, basi, karani anaita mwingine. Programu ya malipo inachota kwa mwendo wake. Ikizimika, mzigo unasubiri.

Sasa ubaya uko hapa. RabbitMQ, ukiiweka isubiri uthibitisho (manual ack), haifuti ujumbe mpaka mpokeaji athibitishe kuwa amemaliza kazi. Programu ikishatuma pesa, umeme ukakatika kabla haijathibitisha, ujumbe unarudi foleni na unatolewa upya. Mvuvi analipwa mara mbili, na hakuna mvuvi atakayekupigia simu kulalamikia hilo!

Kwa hiyo kila mzigo upewe namba yake palepale kwenye mizani, isiyojirudia. Jedwali la malipo likatae namba iliyokwishaingia. Andika kwanza "inatumwa", ndipo utume pesa, kisha ubadilishe iwe "imelipwa". Ujumbe ukirudi ukakuta "inatumwa", usilipe. Uliza kwanza kwa mtandao wa simu, kwa namba hiyohiyo, kama muamala ulipita. Hapa ndipo kazi yote ilipo, foleni yenyewe unaisimika asubuhi na mchana inafanya kazi.

Halafu usidhani foleni iliyo kwenye seva ya mjini inamsaidia karani wa kisiwani aliyepotelewa na mtandao. Haifikii. Kompyuta yake iandike kwanza kwenye SQLite ya humohumo, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva, programu ndogo ya pembeni isukume mtandao ukirudi, na isifute kitu mpaka seva ijibu kuwa imepokea. Na foleni itangazwe kuwa ya kudumu, na kila ujumbe nao uwekewe alama ya kuandikwa kwenye diski. Ukiweka kimoja bila kingine, seva ikiwashwa upya umeupoteza mzigo wa watu.

Kafka, programu nyingine ya kupitishia ujumbe ambayo mdau mwingine amekushauri, ilizaliwa LinkedIn, kwa mafuriko ya data ambayo Mwaloni mzima hauyafikishi. Tena kama tayari una hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 9.5 au la juu yake, mimi ningeanza na jedwali la kawaida na SKIP LOCKED, amri ya kuruka mistari iliyokwishashikwa: programu mbili zinazochota kazi hazigusi mstari mmoja, na huna seva nyingine ya kulea. Ukikwama kwenye hiyo, bandika msimbo wako hapa tuuone.